Kigingi Kilichohamishiwa Kivulini

Saa moja asubuhi, mpima theluji anafika juu huku akihema. Anaupita uwanda ulio wazi, mkavu, wenye nyasi fupi za kahawia, na kwenda moja kwa moja nyuma ya jabali. Hapo ndipo kilipo kigingi chake cha chuma chenye alama za sentimita. Theluji imekizunguka kama mabaki ya povu kwenye beseni.

"Hapa si mahali pake," ananiambia bila kuinua macho.

Kazi hii ameifanya miaka ishirini na miwili. Watu wa bondeni humwita Bwana Sentimita. Kila wiki hupanda mlima, husoma kigingi na kuandika daftarini. Ofisi ya maji hutumia tarakimu zake kuwaambia wakulima walime eneo la ukubwa gani.

Zamani theluji ya uwandani ilikifunika kigingi hadi alama ya themanini. Miaka sita iliyopita hakukuta kitu.

"Niliona haya kuandika sifuri. Wangesema sipandi, nashinda nyumbani nanywa chai. Basi nikaking'oa, nikakileta hapa kivulini. Nikajiambia, wiki hii tu."

Wiki hiyo haijaisha mpaka leo.

Mwaka huu aliandika arobaini. Dada yake mkubwa, mjane, akapanda kabichi shamba zima. Mfereji unaoleta maji ya theluji ukakauka kabla kabichi hazijafunga vichwa.

"Alinimiminia chai, akanipa pole mimi! 'Usijisumbue, mdogo wangu. Wewe ulipima vizuri, mlima ndio umetugeuka.' Chai ile sikuimaliza."

Anang'oa kigingi, anakibeba begani hadi uwandani na kukigongomea kwenye shimo lake la zamani. Anainama kusoma, ingawa hakuna cha kusoma. Anaandika sifuri.

Jumamosi wakulima wanakutana. Amekusudia kusimama na kusema yote, hata kama atamwaga unga.

"Ila dada asikie kwangu kwanza. Akiyasikia mkutanini, nitakuwa nimemficha mara mbili."

Adhuhuri anafika shambani. Dada yake yuko kati ya matuta, anang'oa kwa jembe mashina yaliyonyauka.

"Bwana Sentimita!" anamtania kama siku zote. "Leo ngapi?"

Mdogo wake anavua kofia.

"Sifuri, dada. Na ile arobaini niliyoandika pia ilikuwa sifuri. Weka jembe chini, tukae."