Nilimnyamazisha mtani wangu mkutanoni Mbekenyera, nusura watoto wakose chakula

Wakuu, habari za huko mliko.

Nina furaha ambayo nikikaa nayo kimya nitapasuka, kwa hiyo nawamwagia yote humu. Sitaongeza chumvi hata punje. Kama kuna mtu wa Ruangwa anasoma huu uzi, huenda hata alikuwepo, anisahihishe nikikosea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ni KE, Mngoni wa Songea. Huu ni mwaka wangu wa kwanza huku Mbekenyera. Shule siitaji, mtanisamehe.

Darasa la saba wetu wanabaki shuleni mpaka jioni kujiandaa na mtihani wa taifa. Chakula hakuna. Mimi ndiye nina kipindi cha Hisabati saa nane mchana, yaani napewa watu ambao roho zimebaki nyumbani.

Siku moja nikamwita binti mmoja ubaoni. Anakaa mbali, anatoka kwao kabla jua halijachomoza. Chaki ikamponyoka, na yeye akaifuata chini. Alipozinduka nikamuuliza amekula nini, akasema, "Madam, asubuhi nilikunywa maji."

Wakuu, nililia ofisini kama mtoto.

Mwalimu Mkuu akaamua tuwaite wazazi. Wakikubali kuchangia mahindi na mbaazi, la saba wanakula mchana. Wakikataa, masomo ya mchana yanafutwa, watoto wanarudi nyumbani saa sita. Na sote tulijua bila masomo ya mchana wengi wao mtihani utawashinda.

"Utaongea wewe," akaniambia. "Una sauti."

Hapo kichwa kikavimba.

Wiki nzima niko YouTube naangalia namna ya kuongea mbele za watu. Simama wima. Fanya eye contact. Anza na swali. Nikaandika kurasa nne, nikafanya mazoezi uani mbele ya kuku wa mwenye nyumba, na nawahakikishia wale kuku walinielewa.

Siku ikafika. Wazazi wamejaa, wengine wametoka shambani moja kwa moja kuvuna ufuta, majani bado yako kwenye kanga. Nikasimama wima. Nikafanya eye contact. Nikaanza na swali: "Ndugu wazazi, mnaiona wapi kesho ya mtoto wenu?"

Mzee mmoja kiti cha nyuma akaanza kusinzia.

Nikaendelea kusoma. Niko ukurasa wa pili, mama mmoja mstari wa mbele, mnene kiasi, sauti kama kengele ya shule, akasimama. Anaitwa Bi Somoe, mjukuu wake yuko la saba.

"Nyie! Huyu si Mngoni huyu? Babu zake walikuja na mikuki kutuchukulia mahindi yetu, leo mjukuu kaja na karatasi!"

Watu wakaangua kicheko, mwingine akapiga benchi. Mzee aliyekuwa anasinzia akaamka kuuliza kumetokea nini.

Mimi nikaona nadhalilishwa. Mbele ya Mwalimu Mkuu, mbele ya mtendaji wa kijiji! Nikamkazia macho.

"Mama, naomba ukae na unyamaze. Hapa tuko kazini."

Akakaa. Akajifunga kanga vizuri, akaangalia chini.

Na kicheko kikaisha hapo hapo. Nilisoma kurasa zangu mpaka mwisho bila kukatizwa na mtu. Nikauliza kama kuna swali, hakuna. Nikauliza, "Tumekubaliana?"

"Ndiyo mwalimuuu!" Wote, kwa pamoja.

Wakuu, nilirudi nyumbani natembea kama nimechaguliwa ubunge.

Siku ya kupokea mahindi tukaweka meza, daftari na mizani mlangoni mwa stoo. Mpaka adhuhuri walikuwa wamekuja wazazi wanne. Mmoja wao alikuwa amekuja kuulizia uhamisho wa mtoto.

Ile "ndiyo" ilikuwa ya kuniaga tu. Watu walikuwa wameshaondoka zamani, nimebaki naongea na mabenchi.

Mwalimu Mkuu hakunifokea, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alisema tu, "Tutajaribu mara moja tena wiki ijayo. Ikishindikana, ratiba ya mchana naifuta."

Jumamosi nikaenda Nachingwea kutafuta vitabu vya mazoezi. Nikakutana na mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuo, Chande, yeye ni Mmwera, anafundisha Nambambo. Tukakaa kwa mama ntilie, nikamsimulia kwa uchungu wote. Nilipofika kwa Bi Somoe, jamaa akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye chapati zangu.

"Yaani wewe Mngoni, umekuja kwa Wamwera, mtani wako kakusalimia, ukamwambia anyamaze?"

"Kanisalimia? Kanitukana!"

"Angekuwa hakutaki asingesema kitu. Alikuwa anakufungulia mlango, dada. Wewe ukaufunga na vidole vyake ndani."

Naomba mnielewe. Utani wa Wangoni na Wamwera naujua tangu utoto. Lakini nilidhani ni wa misibani na harusini. Nilidhani ukishika cheti na chaki, utani unauacha getini. Ujinga wangu mwenyewe, YouTube haina kosa.

Kesho yake nikaenda mpaka kwa Bi Somoe, si mbali na shule. Nikamkuta anapanga mafungu ya ufuta yakauke. Hakunitazama.

"Shikamoo Bi Somoe."

"Marahaba mwalimu." Kavu kabisa. Mwalimu, siyo Mngoni. Nilivyolikosa lile jina dakika ile!

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Mtani, nimekuja kujisalimisha. Nilikukosea mbele za watu."

Akanitazama. Kisha mdomo ukaanza kumcheza pembeni.

"Ntu akininyamazisha namtoza faini. Chukua kinu kile."

Nikatwanga mahindi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Yeye amekaa kwenye kigoda, anawaita majirani waje waone Mngoni anavyowarudishia Wamwera jasho lao. Wakaja! Wakaleta na watoto. Nilichekwa siku ile kwa miaka yote niliyobakiza kuishi huku.

Jioni akanipa unga kidogo nipeleke nyumbani. "Nkutanoni nitakuja. Ila ukiniambia ninyamaze tena, nakuozesha kwa mume wangu, uone kazi."

Mkutano wa pili sikubeba karatasi. Watu walikuwa pungufu kuliko mara ya kwanza, wamekaa upande upande, tayari kusema ndiyo waondoke zao.

Nikapaza sauti:

"Wamwera! Mngoni wenu nimerudi. Na safari hii sifichi, nimekuja kuchukua mahindi!"

WAKUU.

Palilipuka! Bi Somoe alikuwa amesimama kabla sijamaliza. "Mikuki yako iko wapi?"

"Nimeiacha Songea, nimekuja na debe!"

"Nkamateni huyo!"

Watu wanashikana mabega. Waliokuwa nje wanachungulia dirishani wakaingia ndani. Na hapo katikati ya kelele ndipo mzee mmoja akasimama, bado anacheka, akasema kitu ambacho kurasa zangu nne hazikukijua.

"Mngoni, tukuulize basi. Mwaka juzi tulitoa mahindi hapa hapa. Yakaliwa na wadudu, dumuzi, humo stoo, watoto hawakuonja. Nani alitwambia pole?"

Kicheko kikatulia, lakini safari hii watu walikuwa wananitazama mimi.

Kumbe ndiyo hiyo! Hawakuwa wabishi, wala hawakuwa wazembe. Walikuwa na kidonda na hakuna aliyewauliza. Mimi mwenyewe nilikuwa sijafika huku mwaka huo, na Mwalimu Mkuu alikuwa hajahamia. Lakini yeye akasimama akasema, "Poleni wazazi. Ilitakiwa mwambiwe zamani." Nilimheshimu sana.

Basi mikono ikaanza kunyooka. Mama mmoja akasema mahindi hana, ana mbaazi, je zitapokelewa badala yake? Mwingine akataka kujua nani atapika. Wa tatu akadai mahindi yawekewe dawa kwanza na wazazi waone kwa macho. Nilikuwa sihutubii tena, nilikuwa nagawa zamu za kuongea tu.

Kisha Bi Somoe akasimama, akajifunga kanga, akatoka nje.

Nikajua nimevuka mpaka, nimemuudhi tena. Niliendelea kujibu maswali lakini macho yako mlangoni.

Sijui zilipita dakika ngapi. Akarudi, ndoo kichwani, anahema. Akaitua juu ya meza ya mtendaji mpaka kalamu zikaruka. Mahindi, yamepepetwa, meupe.

"Haya, pima, mwizi wa mahindi! Lakini ufunguo wa stoo nakaa nao mimi. Mngoni hawezi kushika ufunguo wa ghala la Mmwera."

Sauti iliyotoka kwa wale watu sijawahi kuisikia hata uwanja wa mpira. Ufunguo akakabidhiwa pale pale. Na watu wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wanarudi na ndoo, sado, hata vikapu. Tulipokea mpaka jua linazama. Nililia tena, ila hiki kilikuwa kilio kingine.

Jumatatu yake la saba wakala ugali na mbaazi. Yule binti wa chaki alikula, akaongeza, halafu saa nane akanibishia jibu la swali la sehemu. Na alikuwa sahihi!

Fundisho langu, wakuu. Nilikuwa nahangaika watu wanisikilize, kumbe kazi ilikuwa kuwaachia nafasi wanijibu. Ukumbi ukiwa kimya usijisifu kwamba wamekolea. Anayekukatiza huenda ndiye pekee aliyebaki na wewe, na nyuma yake kuna wengine hamsini wanaotaka kusema lakini wanasubiri waone utamfanya nini. Na kabla hujafungua YouTube, uliza watu wa pale wanaongeaje wao kwa wao.

Leo nilienda jikoni na sahani yangu nikijua mwalimu anapakuliwa kwanza. Bi Somoe, ambaye zamu ya kupika ilikuwa yake, akanielekeza na mwiko: nyuma ya watoto wote. Nilipofika, ugali ulikuwa umekwisha, akanikwangulia ukoko.

Nimeula wote nimesimama, watoto wananicheka, na sijawahi kula chakula kitamu hivi tangu nihamie huku.

Haya, wenye uzoefu wa kusimama mbele za watu, nanyi tupeni yenu. Nani alishawahi kukukatiza, na ulimfanyaje? Na Wamwera mliomo humu, nawaona. Nitukaneni tu, niko hapa.