Si Alisema Niongeze Mafuta?

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake, kwetu karibu na Bungoma, miaka ya hamsini, msimu wa mvua. Kifua chake hakikustahimili moshi, kwa hivyo jiko halikuingia chumbani. Na bila joto angekufa. Basi mume wangu, fundi wa gereji Kitale, akaleta kikopo cha bati alichopewa na mzungu mmoja, cha kupashia mikono joto.

Unatia petroli kwenye pamba iliyo ndani, unawasha kichwa chake mara moja, moto unazimika, na bado joto linatoka kutwa nzima. Mimi nilidhani ni uchawi. Mume wangu, anayependa kufundisha hata asiyeuliza, akasema kichwani mna wavu wa platinamu. Mvuke wa petroli na hewa huja kukaa juu yake kama watu kwenye viti. Hapo petroli inavunjika, joto linatoka, inageuka maji na gesi, halafu inaondoka kuwapisha wengine. Wavu wenyewe hauliwi. "Kikipoa ongeza mafuta," akamwambia mama yake, akarudi Kitale.

Alasiri moja ya mvua nilipitiwa na usingizi. Nilipoamka nikagusa kikopo kwenye blanketi la mtoto. Baridi. Nikagusa mguu wa mtoto. Baridi vile vile. Nikageuka kumtafuta mama mkwe.

Alikuwa ameketi pale pale, ametulia, kibuyu cha samli mapajani. Ile samli ya kumpaka mtoto mchanga, ameimwaga kwenye kichwa chote cha kikopo.

"Si alisema niongeze mafuta?"

Na kwa Kiswahili hakukosea. Petroli ni mafuta, samli ni mafuta.

"Mama, umeniulia mtoto," nikasema. Hata leo sijui niliyatoa wapi maneno hayo mbele ya mkwe.

 Mama mkwe alifungua nguo zake, akamtwaa mtoto, akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, akajifunika blanketi.  Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapungua, ndipo mtoto akakohoa kidogo, kisha akalia.

Jumamosi mume wangu alikiosha kile kichwa kwa petroli, akawasha, wapi. Samli ilikuwa imeungulia kwenye wavu, imekalia viti vyote.

"Hiki kimekufa," akasema.

Mama yake, mtoto bado kifuani, hakuinua hata macho.

"Basi kitupe. Mimi sijapoa."