Mtogwa Nilioukataa

Shule nilisoma mpaka darasa la pili, nikaacha. Sikufukuzwa. Mwalimu alikuwa anatuchapa mikono asubuhi za baridi, sakitu bado nyeupe kwenye majani, nami niliona mikono yangu ina kazi nyingine. Kwa mikono hiyo nilijifunza kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Niliezeka nyumba yangu kwa bati wakati kijiji kizima kinalala chini ya nyasi, na mabenchi yote ya kanisa letu niliyachonga mimi. Anayebisha aende akayapindue, atakuta alama yangu chini. Nayasema haya ili ujue ni mtu gani anayekueleza habari za baba yake. Sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa mtu wa kujiona.

Kijiji chetu kiko upande wa Njombe. Ukitoka Makambako ni siku mbili kwa miguu kama mzigo si mzito. Wakati huo mtawala ni Mwingereza, na wale wamisionari wa Kijerumani waliobatiza wazazi wetu walikwisha kuchukuliwa vita ya pili ilipoanza. Tukabaki na mchungaji wa hapa hapa kwetu, na wazee wa kanisa. Watu walidhani sheria zitalegea. Wapi! Zilikazwa. Mchungaji alitaka Wazungu wakirudi waukute usharika msafi kuliko walivyouacha, nasi wazee tulitaka hivyo hivyo.

Sheria iliyotutesa kuliko zote ilikuwa ya ulanzi. Kwetu mianzi imeota nyuma ya kila nyumba, na wakati wa mvua ukikata ncha ya chipukizi linatoa maji. Unalifungia mbeta, kipande cha mwanzi cha kukingia, na asubuhi na jioni unaiparua ile ncha kidogo ili maji yasikome. Maji ya asubuhi ile ile tunayaita mtogwa. Ni matamu, mtoto anakunywa na kwenda kucheza. Yakilala ndiyo yanakuwa ulanzi, na ulanzi huangusha mwanaume. Sasa mianzi haijui kalenda ya kanisa. Kwaresima inaingia mvua zikiwa katikati, mianzi inatiririka kuliko wakati wowote. Wakatoliki wa ng'ambo ya mto walipakwa majivu yao na kuendelea kugema. Jioni za Jumatano tuko kwenye ibada ya mateso, madhabahu imefunikwa kitambaa cheusi, tunasikia vicheko vyao vikivuka maji.

Aliyekutwa na ulanzi alitengwa. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na hakwenda Meza ya Bwana. Akifa katika hali hiyo alizikwa nje ya ua wa makaburi, bila kengele na bila mchungaji kuvaa joho. Kurudi kundini kulikuwa mara moja tu kwa mwaka. Jumapili ya Mitende waliotengwa walisimama mbele ya watu wakatubu, na Alhamisi Kuu wakala pamoja na wengine. Lakini kabla ya hapo mzee wa mtaa wako lazima aende kwenye mianzi yako akaangalie ncha. Ncha ikiwa kavu, nyeusi, umepona. Ikiwa mbichi inadondosha, ungoje mwaka mwingine. Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu, na hakuna aliyeuona wa ajabu.

Baba yangu alikuwa benchi la nyuma kwa miaka mitatu.

Mama alipofariki, Baba alikunywa miaka miwili na zaidi. Sitaficha, kijiji kizima kilimwona akilala njiani. Kisha siku moja akaacha, hakumwambia mtu. Akawa anakwenda makaburini kila Jumamosi na jembe dogo. Pembeni ya kaburi la Mama palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, naye aliipalilia ile nafasi tupu kama mtu anavyopalilia shamba. Nilimkuta huko mara moja.

"Baba, hapa unapalilia nini? Hakuna kitu."

"Nalinda kiwanja changu," akasema. "Nisipokilinda watamlaza mama yako na mtu asiyemjua."

Hicho ndicho alichokitaka, na hakutaka kingine duniani. Alale pale.

Mwaka ule nikafanywa mzee wa mtaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Waliniweka kwa sababu ya mabenchi, nadhani, na kwa sababu ya bati. Mwaka huo huo shangazi yangu, dada yake Baba, aliletwa kwa machela kutoka Matamba. Koo lake lilikuwa limevimba, ugali haupiti, uji haupiti. Lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Aliponiona nimevaa koti langu la ibada alisema kwa ile sauti ya mkwaruzo, "Ati huyu ndiye mzee wa kanisa? Mzee gani, hata ndevu zinamwogopa!"

Ijumaa ya kabla ya Mitende nilikwenda kukagua mianzi ya mtaa wangu, pamoja na mzee mwenzangu aliyekuwa na mguu mbovu. Tulipofika kwa Baba, mwenzangu alikaa kwenye jiwe kando ya njia.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi nikikaribia mianzi mguu huu unapona, nitaanza kukimbia."

Nikaenda peke yangu, bado nacheka. Baba alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, blanketi begani.

"Kamwene, Baba."

"Kamwene, mzee wa kanisa."

Nikaangalia. Ncha zote zilikuwa kavu, nyeusi, isipokuwa mbili. Mianzi miwili ya mwisho, karibu na ukuta, ilikuwa imeparuliwa asubuhi ile ile, na mbeta zimefungwa. Ilikuwa inadondosha. Mpaka leo naisikia.

"Hii ni nini?" nikamwuliza.

"Ya shangazi yako. Ni kitu pekee kinachopita kooni. Namkingia asubuhi, namkingia jioni, kinachobaki namwaga. Hakilali."

"Kila mtu anasema hakilali."

Hakukasirika. Akafungua mbeta moja, akamimina katika kibuyu kidogo, akaninyooshea kwa mikono miwili. Baba yangu, kwa mikono miwili, kama anayempa mkubwa wake.

"Onja," akasema. "Ni mtogwa. Onja, halafu useme ulichoonja."

Kuonja ni jambo la nukta moja. Ningeonja ningejua. Lakini mzee wa kanisa hapeleki maji ya mwanzi mdomoni siku za Kwaresima, na mimi niliogopa yule mwenzangu wa pale njiani asininuse. Tena kulikuwa na jambo lingine, nami sasa ni mzee sana kulificha. Nilitaka watu waseme: yule kijana ni mnyofu, hata baba yake mzazi hakumpendelea.

"Siwezi kuonja, Baba."

Akakiangalia kibuyu, akakinywa mwenyewe, chote. Akafuta mdomo kwa blanketi.

"Basi sema ulichokiona," akaniambia.

Kesho yake baraza lilikaa. Mchungaji akasoma majina ya waliotengwa, kila mzee akasema ya mtaa wake. Lilipofika jina la Baba nikasema mianzi miwili ni mibichi, mbeta zimefungwa. Sikumtaja shangazi. Nilijiambia nitamtaja nikiulizwa.

Mchungaji aliniangalia. Hakuwa mtu mkali, alikuwa mtu mwenye kuchoka. Akauliza, "Uliuonja?"

"Mzee wa kanisa haonji ulanzi," nikajibu.

Wazee wakaitikia kwa vichwa, wamependezwa. Mmoja alinipiga bega. Nilijua wamesikia neno ulanzi kutoka kinywani mwangu, na nililiacha likae hapo. Jina la Baba likakatwa.

Siku ya Mitende mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile mvua yetu ya ukungu isiyokwisha. Baba alikuja na tawi lake. Waliotengwa walipoitwa mbele, aliinuka, maana hakuna aliyekuwa amemwambia. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Akafika katikati ya kanisa kabla hajaelewa kwamba yeye hakuitwa. Akasimama, akageuka, akarudi polepole mpaka benchi la nyuma, akalipita benchi, akatoka nje. Alisimama chini ya mvua mpaka ibada ikaisha, kwa sababu hakutaka kuondoka kabla ya baraka. Niliyaona haya yote nikiwa nimekaa mbele.

Jumatatu nilipata lori la kwenda Makambako kutafuta misumari ya mimbari mpya. Misumari ilichelewa, na lori la kurudi liliharibika njiani, nikatembea. Ijumaa Kuu mchana nikaingia kijijini, nikaona wanawake wamekaa nje kwa Baba wamejifunika vichwa. Kichomi. Kilimshika Jumanne, Alhamisi wakati wenzake wanakula Meza ya Bwana kikammaliza.

Shangazi alikuwa amekaa mkekani karibu na maiti. Hakulia.

"Alikuulizia," akaniambia. "Akasema, amerudi? Nikasema bado. Akauliza tena. Nikasema bado. Mara ya tatu hakuuliza."

Nikaanza kazi. Nilichukua mbao zangu nzuri kuliko zote, zile nilizoziweka kwa mimbari, nikatengeneza sanduku. Misumari niliyoligongomea ni ile ya Makambako. Hakuna mzee aliyethubutu kuniuliza.

Jioni nilikwenda kwa mchungaji nikamwomba ile nafasi karibu na Mama. Akaniambia, "Wewe mwenyewe ulishuhudia. Unataka nifanye nini na ushuhuda wako?" Nilimchukia miaka mingi kwa maneno yale. Lakini yalikuwa ya haki.

Tulimzika Jumamosi, nje ya ua, watu wachache, bila kengele. Mchungaji alikuja bila joho, kama jirani, akasimama na kofia mkononi. Nilichimba mimi. Kutoka shimoni niliweza kuiona, kupitia miti ya ua, ile nafasi aliyoipalilia. Ilikuwa safi, haina jani moja.

Sasa kwetu Pasaka haianzi kanisani. Inaanza makaburini. Alfajiri usharika wote unakwenda na taa, kengele inalia, na jua likikaribia kutoka mchungaji anasoma majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita. Kila jina likisomwa, watu wote wanajibu kwa sauti moja: "Atafufuka!" Mtu akisikia jina la mzazi wake likijibiwa hivyo na watu mia, anakwenda nyumbani anaweza kula. Mimi nilisimama ndani na wazee wenzangu. Nilisikia majina yote. La mtoto wa siku nane. La bikizee aliyekuwa ananiita mkorofi. Kisha mchungaji akafunga kitabu, wakaanza wimbo wa furaha, na udongo wa Baba ulikuwa bado mbichi hatua ishirini kutoka pale.

Watu waliingia kanisani. Mimi nikaenda kwenye mianzi.

Mbeta zilikuwa zimejaa na kumwagika, kwa kuwa tangu Jumanne hapakuwa na wa kuziondoa, na shangazi alikuwa ameshinda na maji matupu. Nikazimwaga, nikaparua ncha kwa kisu cha Baba, kilichokuwa kimechomekwa pale pale ukutani, nikachuchumaa. Maji yalipofika nusu ya kibuyu nikaonja.

Matamu. Matamu na baridi, hayana kitu, kama muwa wa kwanza. Nilimpelekea shangazi, akanywa kidogo kidogo, kidevu kikitetemeka. Alipomaliza aliniangalia machoni.

"Umeonja?"

"Nimeonja, shangazi."

"Ehe," akasema. Basi.

Wiki ile nilisimama mbele ya baraza nikasema yote, na ya shangazi, na ya kibuyu. Nilitaka waufungue ua, wauzungushe upande wa pili wa kaburi lake. Walinisikiliza vizuri. Mchungaji alilia, nitampa haki yake. Lakini akasema aliye hai ndiye anayerudishwa kundini, na kwamba yeye hana kitabu kinachomfundisha kumrudisha mfu. Nikawaachia uzee wao wa kanisa. Mabenchi sikuyaondoa, yamo mpaka leo.

Shangazi hakufa haraka kama tulivyodhani. Nilimgemea mvua zile zote, na zilipokatika koo lilikuwa limelegea kidogo, uji mwepesi unapita. Watu walinisema, wakasema amefuata ya baba yake, nami nilipita nao njiani na mbeta mkononi, sikuificha.

Pasaka iliyofuata nilikwenda alfajiri, lakini sikuingia. Nilisimama nje ya ua, na shangazi ameketi kando yangu juu ya kigoda. Mchungaji akasoma majina, watu wakajibu. Alipofunga kitabu, kabla wimbo haujaanza, nikayataja majina ya Baba kwa sauti kubwa, yote mawili, la ubatizo na la kwetu.

Hakuna aliyejibu. Watu mia, taa mkononi, kimya. Mchungaji alichelewa kidogo kuanzisha wimbo, nadhani alikuwa anangoja kama mimi. Ndipo pale chini, karibu na magoti yangu, ile sauti ya mkwaruzo ikasema peke yake, "Atafufuka." Ilikuwa ndogo, sidhani ilivuka ua.

Shangazi alikufa mvua zilipoanza tena. Yeye alikuwa mshiriki safi, alizikwa ndani, na jina lake lilisomwa na kujibiwa. Na mimi, kila Pasaka tangu hapo, nasimama mahali pale pale nje. Wananingoja sasa, wamezoea, hawaanzi wimbo mpaka nimalize. Nalitaja jina la Baba. Kisha naliitikia mwenyewe.