Kwa Watu Wasiompiga Mtoto

Nilikwenda kambi ya wakimbizi ya Nakivale kumtoa mdogo wangu Riziki katika ujinga. Hivyo ndivyo nilivyowatangazia majirani zangu wa mtaa wa Nyamityobora huku nikijifunga kitenge changu kipya. Riziki alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na alikuwa amehamia kwa kundi lililojitenga na kanisa letu tulilotoka nalo Kivu, Kongo. Mwami wao, mfalme waliyemwabudu kama Mungu, alifia njiani tulipokuwa tukikimbia vita. Sasa wanangoja arudi katika mwili wa mtoto. Mimi nilitaka mtoto wa Riziki azaliwe kwangu, Mbarara, karibu na hospitali.

Asubuhi nilipata pikapu iliyokuwa ikienda kuchukua mahindi. Tulivuka mto Rwizi, tukaiacha Nyamitanga, migomba ikatusindikiza kilima baada ya kilima hadi ikaisha, yakabaki majani makavu na miiba. Dereva, Mnyankole mcheshi, aliniuliza ninakwenda kwa nani.

"Kwa ile watu ya mfalme? Ile watu hapana sumbua mutu, mama."

"Wananisumbua mimi," nikamjibu.

Mchana tulifika. Nyumba zao za udongo zilizunguka uwanja uliofagiliwa vizuri kuliko wangu, nikaudhika. Mama Furaha, kiongozi wao, mwanamke mnene wa makamo, alinipa maji ya kunawa, kisha ugali wa muhogo na mchuzi wa ndagala, dagaa wa kwetu.

"Karibu, mama. Ikala, ukule."

Riziki aliketi kando yangu, miguu imevimba, akicheka kwa furaha ya kuniona. Tulipokuwa bado tunakula akakubali: angekuja kujifungulia kwangu, kisha arudi. Roho yangu ikatulia.

Hapo akapita msichana mdogo akikimbiza kuku, akapiga teke bakuli, mchuzi wote ukamwagika juu ya kitenge changu. Sikufikiri. Nilimzaba kofi.

Uwanja mzima ulinigeukia. Nilidhani watanifokea, na majibu nilikuwa nayo tele. Badala yake Mama Furaha alipiga magoti mbele ya yule mtoto, na watu wazima wote wakafuata. Riziki naye, na tumbo lake, akashuka polepole akishikilia ardhi.

"Utusamehe," Mama Furaha alimwambia mtoto. "Mugeni hakujua."

Kisha akanigeukia bila hasira. "Fasi hii hatupigake mutoto, mama. Hatujue Mwami atarudia kwa nani. Pengine ni huyu."

Nilibaki nimesimama peke yangu, kiganja kikiniwasha. Nimewahi kuomba chakula barabarani, lakini aibu kama ile sikuwahi kuionja.

Jioni pikapu ilirudi. Riziki alinisindikiza, lakini hakuwa amebeba kitu.

"Yaya," aliniita kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, "siendi tena."

"Kwa kofi moja tu?"

"Weye ndiye ulinilea," alisema taratibu. "Sitaki mutoto wangu ajue ile mukono."

Njia nzima dereva alisimulia vichekesho vyake, nami nilijifunika kitenge chenye harufu ya ndagala.

Mwami wao simwamini hata leo. Lakini niliposhuka Nyamityobora, majirani walipouliza ule ujinga umeishia wapi, niliinamisha kichwa nikapita. Binti yangu Neema alikuwa mlangoni. Nilikuwa nimemnunulia hindi la kuchoma njiani. Nikainua mkono kumpa.

Akajikinga uso kwa kiwiko, hata kabla hajaona nimeshika nini.