Maoni Yaliyopitia Jikoni

Baba mkwe wangu na mimi tumesoma vitabu vingi pamoja, na sijawahi kukaa naye chumba kimoja. Watu wa mbali wakinisikia nikisema hivyo hudhani tuna ugomvi. Hatuna. Kwa Wandali wa Ileje, angalau katika ukoo nilioolewa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Hatusalimiani, hatupishani njiani, na kiti chake sikikalii hata kama hayupo. Nyumba nyingi siku hizi zimelegeza jambo hili. Hata kwetu Ihanda, mama yangu alikuwa akimpakulia babu, baba mkwe wake, ugali bila wasiwasi. Ila huku Isongole hawajalegeza, nami, pamoja na mdomo wangu wote huu, niliamua kuheshimu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Baba mkwe akitaka kupita uani, anakohoa. Anakohoa akiwa bado kule kwenye migomba, ili nipate muda wa kuingia jikoni na kuvuta mlango. Nikisikia hatua zake zimeishia mbele ya nyumba, natoka naendelea na vyombo vyangu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakurupuka hata akikohoa jirani, na mume wangu akanicheka mpaka nikamnunia. Baadaye nikazoea, nikawa nakitambua kikohozi cha mzee bila hata kuinua kichwa.

Vitabu vilianza kwa uchokozi. Mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na mimi nina duka dogo la madaftari na fotokopi pale Tunduma. Likizo yangu ya kwanza ukweni, mama mkwe aliingia jikoni na riwaya iliyofungwa kwenye kitenge, akasema baba anataka kujua kama huyu mkwe anasoma au anauza tu. Nilikasirika. Nikaisoma yote huku nikichochea maharage, na mama alipouliza nimeionaje, nikasema msichana wa kwenye hadithi alimsamehe mumewe mapema mno, mimi ningemtesa kidogo kwanza. Mama akavuka ua na maoni yangu mpaka sebuleni. Nikasikia mzee anacheka. Mama akarudi na jibu lake, kwamba nisubiri nizeeke ndipo nijue bei ya kununa.

Tangu hapo kila nikienda Isongole nabeba kitabu, na kila nikirudi Tunduma narudi na kingine. Niliwahi kupendekeza niwe naandika maoni yangu kwenye karatasi. Mama mkwe alikataa kabisa, akauliza kama mimi na mzee tukiandikiana yeye atakuwa nani humu ndani. Hasomi riwaya, lakini amezisikia zote kutoka pande mbili, na nadhani anazijua kuliko sisi. Chumvi yake pia anatia. Siku moja niligundua kuwa alimwambia mzee nililia mahali ambapo mimi nilikuwa nimecheka, kwa sababu aliona pale panafaa kulia.

Mwaka huu nilikwenda mwezi wa sita, kwenye baridi ile ya Ileje, kusaidia kuvuna mahindi. Mume wangu alibaki Tunduma na shughuli zake za malori mpakani. Nilimpelekea mzee hadithi ya upelelezi. Yeye akanipa kitabu chembamba, kikuukuu, cha mzee mmoja anayegundua kuwa anaumwa na hamwambii mtu. Analima, anagawa mashamba, anapaka nyumba chokaa, anakufa bila kumsumbua yeyote. Mwishoni watoto wake wanasimama kaburini wakisifu ushujaa wake.

Mama aliniambia baba anataka maoni yangu upesi. Kabla ya hapo mzee hakuwahi kunihimiza hata siku moja. Nilikuwa napukuchua mahindi, vidole vinauma, na kitabu kilikuwa kimeniudhi.

"Mwambie yule mzee ni mbinafsi," nilisema. "Amewanyima watoto wake nafasi ya kumuuguza, halafu mwandishi anataka tumpigie makofi."

Mama aliniangalia, akauliza apeleke hivyo hivyo. Nikamwambia hivyo hivyo, na asitie chumvi.

Nilitega sikio. Hakuna aliyecheka sebuleni. Mama alirudi na neno moja tu, kwamba amesikia, akachukua ungo wake akaenda kupepeta.

Mimi nina roho ya wasiwasi tangu utoto, na neno lile lilitosha kuninyima raha. Nilijaribu kuhesabu nilipokosea. Labda kitabu alipewa na rafiki. Labda baba yake mwenyewe alikufa vile, nami nimemtukana marehemu kupitia mdomo wa mkewe. Au neno mbinafsi lilikuwa zito mno kutoka kwa mkamwana kwenda kwa mkwe, hata kama linamhusu mtu wa kwenye karatasi. Nilimbana mama kama kweli hakuongeza kitu. Aliapa. Nikampigia mume wangu, naye alikuwa katikati ya foleni ya malori na madereva wa Zambia wanamfokea, akaniambia hicho ni kitabu tu, nimwache afanye kazi. Mboga ikaungulia mikononi mwangu, na mama akala bila kusema lolote, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

Siku zilizofuata mzee alikohoa sana. Kila akikohoa, natupa mahindi, nakimbilia jikoni, navuta mlango, nasubiri hatua zake. Hatua hazipiti. Natoka. Nikikaa tu, anakohoa tena, nakimbia tena. Mara nyingine nilikutwa humo ndani na moshi mpaka machozi yakanitoka, na uani hakupita hata kuku. Nikajua tu kwamba ananiadhibu. Mwalimu ni mwalimu, nikajisemea, amenipa adhabu ya kukimbia. Nilimwambia mama hivyo kwa utani, ingawa ndani nilikuwa nimeumia. Hakucheka. Alisema baba yako hana mzaha wa namna hiyo, ni vumbi la mahindi tu linamsumbua.

Siku ya gulio mama aliondoka mapema na maharage yake, kwenda kuwasubiri wanunuzi wanaovuka kutoka upande wa Malawi. Tulibaki wawili nyumbani, mzee chumbani kwake na mimi uani. Akakohoa. Nikaingia jikoni nikavuta mlango, nikasimama gizani nikiwa nimeshika mwiko.

Alikohoa tena, na tena. Dirisha la chumba chake linaelekea jikoni, na sauti ilikuwa inatoka pale pale, kitandani. Haikuwa inakuja wala kwenda. Ilikuwa ndefu, inakwaruza, na ilipokwisha nikamsikia anatafuta pumzi. Hapo nikakikumbuka kile kikohozi chake cha miaka yote, kifupi, safi, cha mwalimu anayeingia darasani. Hiki hakikuwa hicho.

Humu ndani kila mtu alikuwa amesikia kikohozi, na kila mtu alidhani kinanihusu mimi. Majirani walidhani mzee ananipisha. Mimi nilidhani ananiadhibu. Mama naye alikuwa ameambiwa ni vumbi akaridhika, maana katika nyumba yenye mkamwana nani atamuuliza mzee kwa nini anakohoa? Halafu kitabu kikanirudia chote, yule mzee na chokaa yake, na mama akisema baba anataka maoni yako upesi. Alikuwa hajaniuliza habari za kitabu. Alikuwa ananiuliza afanye nini.

Nilimpigia mama, simu yake ikaita juu ya kigoda pale pale jikoni. Nikampigia mume wangu na safari hii hakunikatiza. Alimtafuta dereva mmoja wa Noah anayemfahamu pale Isongole, akanipigia kwamba gari linakuja, litampitia mama gulioni kisha liwapeleke yeye na mzee hospitali. Yote hayo yalikuwa mepesi. Lililobaki ni kumwambia mzee ajiandae, na wa kumwambia hakuwepo.

Nilitoka jikoni. Nikasimama chini ya dirisha lake, mgongo ukutani, uso nimeuelekeza kwenye migomba ili hata kwa bahati mbaya nisimwone. Niliogopa kwamba akinisikia nikimsemesha atanyamaza kabisa, naye akinyamaza, basi atakufa kama yule wa kwenye kitabu, kwa adabu.

"Mama," nikasema, na mama alikuwa gulioni, "niulizie kwa baba. Yule mzee wa kwenye kitabu alianza kukohoa lini?"

Kitanda kililia. Nilidhani nimeharibu kila kitu, miaka yote ile ya kujificha, kwa swali moja. Halafu sauti ikatoka dirishani, nyembamba kuliko nilivyoizoea kuisikia kutoka sebuleni.

"Mwambie mkwe ni tangu masika," alisema, kana kwamba mkewe amesimama pale katikati yetu na ungo wake. Akapumzika kidogo. "Na mwambie hakuwa mbinafsi. Alikuwa anaogopa."

Nililia palepale, sikujali. Nimebishana na mzee huyu juu ya watu wengi ambao hawajawahi kuwepo, na hii ndiyo mara ya kwanza yeye kunishinda.

"Mama, mwambie baba hata mkwe wake anaogopa," nikasema. "Mwambie avae koti, gari linakuja."

Nilisikia kabati linafunguliwa. Nilisikia viatu vinaburutwa, na honi ya gari kule barabarani. Kisha kutoka nyuma ya mlango wake akakohoa kile cha zamani, kifupi, safi. Nikaingia jikoni nikavuta mlango, ili apite.