Serafina wa Kwenye Baiskeli

Jina la mwanamke lilijitokeza uani kwangu herufi moja kwa siku, na aliyekuwa analitoa ni mume wangu wa ndoa.

Usicheke. Soma kwanza.

Naitwa Mariana, nauza mchele sokoni Kagongwa. Mume wangu Maganga ni fundi baiskeli. Namwita Baba Limi, kwa jina la binti yetu. Ni mtu mpole, maneno machache. Mwenye mdomo ni mimi, na wivu wangu mtaa mzima wanaujua.

Mwaka jana akarudi na baiskeli aliyoitoa kwa muuza vyuma chakavu wa Geita. Mbovu hiyo! Wachimbaji walikuwa wameifunga kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu, wanakanyaga pedeli ipulize hewa kwa walioko chini. Tope, kutu, na rangi ya bluu iliyopakwa hovyo kama mlango wa choo.

"Mama Limi, inyanyue."

Nikainyanyua kwa vidole viwili. Nyepesi ajabu.

"Hii ni ya mashindano," akasema, macho yanamng'aa. "Ya zamani sana. Ila nembo hakuna, na namba ya chini imesagika. Nataka nijue imetoka wapi."

Macho yale alikuwa ananitazama nayo mimi, enzi za uchumba. Wivu ulianzia hapo, hata kabla ya jina.

Ikawa kila akimaliza kazi za wateja anaketi nayo uani. Anapima hesi, ile mistari ya skrubu, anachungulia maungio.

"Fremu ya Mwingereza," ananiambia. "Foki hii ya tairi ya mbele ni ya Mfaransa. Na hapa pamechomelewa kwa shaba na mtu wa huku huku kwetu. Aliijua kazi huyu."

Mimi naitikia "mh," nachambua mchele.

Kisha akaanza kutoa rangi. Msasa laini na maji, taratibu, kama anamwogesha mtoto mchanga. Chini ya bluu kijani. Chini ya kijani nyekundu. Na juu ya ile nyekundu, kwenye bomba la juu la fremu, herufi nyeupe iliyoandikwa kwa mkono.

S.

Siku hiyo hiyo nikamnunia Scolastika wa mgahawa.

Kesho yake ikatokea E. Nikamsamehe Scolastika, nikamhamia Sesilia fundi cherehani. Siku ya tatu ikaja R, Sesilia naye nikamwachia huru. Nikabaki na hasira na sina wa kumpa.

Siku ya nane jina likakamilika. SERAFINA.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Sijui. Ndiyo nataka kumtafuta."

Jamani! Mwanaume wa ndoa ya kanisani anakwambia usoni anamtafuta Serafina.

"Nisaidie simu yako nilipige picha," akaongeza. Yake ni kitochi, haina kamera.

"Haina chaji," nikasema. Ilikuwa na asilimia tisini.

Akaanza kuwauliza wazee waliowahi kukimbia mbio za baiskeli: mnamjua Serafina? Mbele za watu! Mimi nikaamua kwamba kaliandika mwenyewe, kalifunika kwa rangi, sasa anajifanya kalikuta. Ukiniuliza kwa nini mtu ahangaike hivyo, sina jibu. Wakati ule sikuhitaji jibu.

Wiki mbili baadaye nikamsikia nyuma ya nyumba anaongea na simu.

"Serafina yupo? Basi usimwambie kitu. Nitakuja Jumamosi, nataka ashtukie tu." Na anacheka! Baba Limi, ambaye kumwona anacheka mpaka Krismasi.

Nikarudi jikoni, sufuria nikaibamiza juu ya jiko.

Alhamisi akaenda Kahama kutafuta tairi. Nikachukua msasa namba arobaini, ule mkali wa kung'olea kutu. Nikaanza na S. Nilipofika A ya mwisho vidole vilikuwa vimechubuka na bomba limebaki chuma kitupu. Nasema ukweli, nilijisikia vizuri. Nikaenda kupika huku naimba.

Akarudi na tairi begani. Akatazama. Akakaa juu ya sanduku la vifaa.

"Nilikuona umechoka, nikakusaidia kusafisha," nikasema.

Hakufoka. Heri angefoka. Alichukua kitambaa, akalifuta lile bomba, akafunga tairi zake.

Ijumaa akaniambia, "Kesho vaa vizuri. Tunakwenda wote Didia, kwa Serafina."

Nikavaa kitenge kipya, kilemba nikakikaza. Nilikuwa nakwenda vitani. Baiskeli tukaifunga juu ya basi.

Didia tukapokewa na mama mmoja, Agnetha. Ndiye aliyekuwa kwenye simu, namba yake mume wangu kapewa na mzee mmoja wa mbio.

"Serafina ni mama yangu," akasema, akatuonyesha uani.

Pale aliketi bibi amejikunja, anapukuchua mahindi.

"Mwangaluka, mayu," mume wangu akamwamkia kwa Kisukuma, ameinama. Mimi shikamoo ilinitoka kwa kigugumizi. Mwanamke niliyekuja kumvaa alikuwa na miaka sabini na tisa.

Bibi akaiona baiskeli. Mahindi yakamwagika. Akasimama, akashika usukani, akashika kiti, akapeleka mkono kwenye bomba la juu. Mkono ukapita. Ukarudi. Ukapita tena.

"Jina liko wapi?"

Nikainamia ndala zangu.

"Mume wangu Eustace hakusoma," bibi akasema. "Fremu aliachiwa na Mwingereza, foki akapewa na padri, akaviunga mwenyewe na akashindia mbio. Nikamfundisha kuandika kwa kijiti, hapa hapa uani. Neno moja tu, jina langu. Akaliandika hapo, na hakuandika kitu kingine mpaka alipokufa. Ndugu zake wakaichukua na vitu vyake vyote, leo miaka arobaini na moja. Baiskeli nifanyie nini mimi, na miguu hii? Nilitaka niuone mwandiko wake."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba Limi akapiga goti. "Nisamehe, mayu. Msasa uliniteleza nikiondoa rangi ya wachimbaji. Ni mimi."

"Fundi gani wewe!" Bibi akamnyooshea kidole. "Wachimbaji wamelipaka rangi wakaliacha, kutu imeliacha, wewe fundi ndiye wa kulimaliza?"

Mume wangu, aliyelitoa jina lile kwa siku nane, akainamisha kichwa akapokea matusi yaliyostahili kuwa yangu.

Ningenyamaza, yangeishia hapo. Hakuna ambaye angejua.

"Bibi, ni mimi," nikasema. "Nilidhani Serafina ni mchepuko wake."

Agnetha akaziba mdomo. Bibi akanitazama kuanzia kilemba mpaka ndala.

"Mimi?"

"Wewe, bibi."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Eustace! Unasikia? Bado wananionea wivu!" Kisha kicheko kikageuka kilio.

Alipotulia nikapiga magoti mbele yake. "Niruhusu niliandike upya, bibi. Nina mwandiko mzuri."

"Mwandiko mzuri wa nini?" akasema. "Wake ulikuwa mbaya."

Baiskeli tuliiacha kwake. Rangi aliikataa.

Kwenye basi nikamuuliza mume wangu kwa nini alinibebea kosa. Akatazama dirishani. "Nilikuona ulivyokuwa unamtazama bibi alipolipapasa lile bomba," akasema.

Dada yangu unayesoma hapa na mkononi umeshika simu ya mumeo: mimi niliuliza. Nikajibiwa ukweli, "sijui," nikaukataa kwa sababu nilishajichagulia jibu. Kama hutaki kuamini jibu, usiulize, lakini pia usichukue msasa.

Na wivu wenyewe haujaisha, nisiwadanganye. Namwonea wivu Serafina mpaka leo, sasa kwa haki. Kuna mtu alijifunza kuandika kwa ajili yake tu, na mtu wa mwisho duniani kuusoma mwandiko ule ni mimi, niliyeusoma kwa chuki.