Moyo Uliopiga Ndani ya Gunia la Kahawa

Nilimwahidi Nasinyari, akiwa amelala kitandani hospitalini, kwamba mkasa huu nitausimulia kwa kinywa changu mwenyewe bila kujipunguzia aibu, kwa hiyo nawapa ruhusa mnicheke, ingawa naamini mtafika mahali mtaacha.

Nilikuwa nimetoka chuoni, tabibu mpya (kijijini waliniita daktari, nami sikukanusha), nimejaa nia ya kuitumikia jamii, na siku hiyo niliitwa huko kilimani, juu ya Nkoaranga, kwa Mama Anaeli, ambaye mke wa mwanawe, huyo Nasinyari, alikuwa na mimba inayokua upesi kuliko miezi yake. Nilikipanda kile kilima nikikimbia, maana kijana mwenye wito hatembei, nikapita kwenye migomba iliyomezwa na ukungu hata sikuona nilipokanyaga, nikaingia chumbani nikihema, na badala ya kuketi kwanza nitulie (huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza) nikainama papo hapo na fetoskopu, ile pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto, nikaitegea sikio.

"Daktari, mimi sisikii kitu kikicheza," alisema Nasinyari kwa sauti ndogo. "Tumbo ni zito, lakini kimya. Kama nyumba iliyohamwa."

"Tulia, dada. Huyu hapa, moyo wake unakwenda mbio."

Vigelegele vikapasuka mlangoni kabla sijainuka.

Jumapili, baada ya ibada, wakachinja mbuzi na kunialika, nami kwa kuwa nilichelewa nikakimbia tena kilimani. Niliwakuta wageni wamesimama na mabakuli ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, mkononi, hakuna anayekula. Nasinyari alikuwa akivuja damu nyeusi, na katika damu ile, juu ya kanga, kulikuwa na vitu vidogo vya mviringo, vyenye maji ndani, vinavyong'aa na kushikana kama kichala. Watu walikuwa wamekwisha kumtazama wifi yake, ambaye hakujaliwa mtoto.

"Alilishika lile tumbo lini?" mmoja alinong'ona.

Mama Anaeli akaniuliza mbele ya wote, "Mtoto yu hai? Kama yu hai, mama yake haendi hospitalini. Mteremko huu utaitoa mimba."

Nikasikiliza. Moyo ulikuwa ukipiga, kasi ile ile.

"Yu hai," nikasema, na kwa neno hilo nikamfunga Nasinyari kitandani.

Mama Anaeli akaninyang'anya pembe, akasikiliza mwenyewe. "Kimya." Nikasikiliza mimi: moyo. Akasikiliza yeye: kimya. Watu wakaanza kurudi nyuma, na wakati huu hawakuwa wakimwogopa wifi, walikuwa wakiniogopa mimi. Ndipo yule mama akaisimika pembe juu ya gunia la kahawa lililokuwa pembeni likisubiri wanunuzi binafsi walioruhusiwa siku zile, akanishika shingo.

"Haya, sikiliza na hapa!"

Nikasikiliza. Ndani ya kahawa, moyo ulikuwa ukipiga.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama." (Ningesema nini? Niliusikia.)

"Kumbe gunia langu nalo lina mimba!"

Mtu mmoja akacheka. Hapo nikaelewa: ulikuwa moyo wangu, uliotimuliwa na kile kilima, ukipiga ndani ya sikio langu mwenyewe.

"Mbebeni!" nikapiga kelele. "Hakuna mtoto humo! Moyo ni wangu!"

Wakamteremsha kwa kiti, wakipokezana. Hospitalini walimsafisha kizazi, wakaniambia jina nililowahi kulijibu vizuri kwenye mtihani: mimba zabibu, yaani kondo la nyuma linaloota vibaya na kuwa vichala vya malengelenge badala ya kulea mtoto. Haina uchawi wala jicho la wifi. Alipona, ila ilimpasa arudi kupimwa mara kwa mara, kwa kuwa mabaki yake huweza kugeuka saratani.

Alipopata nguvu aliniuliza, "Nilikuambia kimya. Kwa nini ulisikia kila kitu isipokuwa mimi?"

Nikampa ile ahadi niliyowatajia mwanzoni. Na mpaka leo, nikilaza sikio kwenye mto nikausikia ule mpigo, huinuka nikaketi.

Nawaombeni jambo moja: mjamzito akivuja damu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mwenye koti jeupe amesema mtoto yu hai, na akiwaambia tumbo lake ni kimya, mwaminini.